Shajara ya mradi: kuishusha MX-5 kwa shokapu mpya, springi za kiwandani zikibaki

Siku ya 1

Shokapu mpya zilifika jana jioni. Leo nimeshinda na gari tangu asubuhi na sijafungua hata nati moja. Siku nzima imeishia kwenye rula, chaki na daftari.

Gari ni Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 1989, chenye taa za kuinuka. Uzito ni takriban tani moja, injini iko mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na kila kona ina wishiboni mbili, yaani mikono ya chuma inayoshika gurudumu, ya juu na ya chini. Shokapu za zamani zimekwisha. Ukibonyeza kona moja na kuachia, gari linapanda na kushuka mara tatu ndipo litulie. Zilikuwa lazima zibadilishwe hata kama nisingekuwa na wazo la kulishusha. Springi ni nzima: hazina ufa, kutu ni ya juu juu tu, kimo cha kushoto na kulia kinaendana. Hizo zinabaki.

Shokapu nilizochagua zina mifuo mitatu iliyochongwa kwenye mwili wake. Ndani ya mfuo mmojawapo inakaa saklipi, yaani pete ya chuma inayojibana, na juu ya saklipi inakaa sahani inayobeba springi. Ukihamisha saklipi kwenda mfuo wa chini, sahani inashuka, springi inashuka nayo, na gari linashuka. Koni na Bilstein wametengeneza shokapu za namna hii kwa magari mengi, kwa hiyo si jambo geni. Kwa rula yangu, kutoka mfuo hadi mfuo ni milimita 10. Mfuo wa juu ni kimo cha kiwandani, wa kati ni kumi chini yake, wa mwisho ishirini.

Vipimo vya mwanzo, kabla ya lolote. Napima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi. Ukipima kutoka ardhini utadanganyika, maana tairi likipungua upepo au kashata zikiisha, namba inabadilika na gari halijashuka popote. Kwenye kiti cha dereva, kulia, nimeweka mifuko ya mchanga yenye uzito wangu, kwa sababu gari hili haliendi bila mimi ndani. Tangi nusu, upepo umejazwa sawa, gari limesukumwa mbele na nyuma mita chache, kila kona imebonyezwa na kuachiwa.

Mbele kushoto 352, mbele kulia 346, nyuma kushoto 358, nyuma kulia 350. Zote ni milimita.

Nia yangu leo: mfuo wa chini kabisa, kona zote nne. Nimeliangalia gari hili likiwa limesimama juu ya magurudumu yake kwa miaka, na ule uwazi juu ya tairi la mbele umekuwa ukinikera muda wote huo.

Siku ya 1, usiku

Kila niliyemweleza mpango huu ameniuliza swali lilelile: kwa nini hununui springi fupi? Naandika jibu hapa ili nijisahihishe mwenyewe baadaye kama nimekosea.

Springi inajua kitu kimoja tu, nacho ni mzigo ulio juu yake. Ikibeba kilo 200 inabonyea hadi urefu fulani, na ukiisogeza chini milimita 20 na kuibebesha kilo zilezile, itabonyea hadi urefu uleule. Haijawa ngumu wala laini. Kilichobadilika ni mahali ilipokaa. Kwa hiyo gari linashuka, lakini ulaini wake juu ya mashimo madogo unabaki ule ambao wahandisi waliupanga. Hicho ndicho ninachokitaka. MX-5 yangu ni ya kuendesha kila siku, na sina hamu ya kuhesabu kokoto kwa uti wa mgongo.

Kukata springi ni kitu kingine kabisa. Ugumu wa springi unategemea idadi ya mizunguko inayofanya kazi, na mizunguko ikipungua ugumu unapanda. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiikata mmoja, inakuwa ngumu kwa moja ya tano zaidi. Pia inakuwa fupi kiasi kwamba gari likiinuliwa springi inaweza kulegea ndani ya sahani zake. Nimeona hilo kwa macho yangu kwenye gari la mtu na sikulipenda.

Lakini njia yangu nayo ina gharama, na gharama hiyo ni safari ya shokapu. Kila milimita ninayolishusha gari naichukua kutoka kwenye nafasi ambayo gurudumu lilikuwa nayo ya kupanda. Springi haijawa ngumu kufidia. Kwa maneno mengine, gari litaendelea kubonyea kiasi kilekile likikutana na tuta, ila sasa linaanzia karibu zaidi na mwisho. Kesho kutwa, shokapu zikiwa mezani, nitapima nafasi hiyo ni kiasi gani hasa.

Siku ya 2

Nyuma. Kazi ya kawaida, naiandika kwa kifupi. Nati za juu za shokapu za nyuma zinafikiwa kutoka ndani ya buti, chini ya kapeti. Upande wenye bomba la kujazia petroli inabidi kwanza uondoe kifuniko chake na upenyeze mkono. Bolti ya chini kushoto ilitoka bila shida, ya kulia ilikataa. Nikaipulizia mafuta ya kulegeza kutu, nikaiacha saa nzima, nikarudi na bomba refu juu ya mpini wa spana. Ikalia mara moja, ikaachia.

Stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, nimeifungua linki zake pande zote mbili. Ukiacha upande mmoja umefungwa, unapigana na chuma kinachovuta gurudumu la pili.

Siku ya 3

Mbele. Kwenye MX-5 ya kizazi hiki shokapu ya mbele haitoki kirahisi, kwa sababu wishiboni ya juu imekaa njiani. Wengine huachanisha boljointi, kile kiungo cha tufe kwenye ncha ya mkono. Mimi nimetoa ile bolti ndefu inayopita kwenye wishiboni ya juu, mkono wote ukainuka, shokapu ikateremka. Boljointi zangu ni nzima na mpira wake haujapasuka, na kila mara unapoigonga kwa nyundo unahatarisha ule mpira. Bolti ndefu nimeipaka grisi kabla ya kuirudisha.

Springi nimezibana kwa vibanio viwili, kimoja kila upande, nikizungusha nusu mzunguko huku na nusu kule ili zisipinde. Hapa sikukimbilia kitu. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kumvunja mtu mkono au taya, kwa hiyo sikuinama juu yake hata mara moja.

Sasa yaliyo muhimu, kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila kitu kilichofuata.

La kwanza nililopima ni kama springi itabaki imebanwa wakati gurudumu linaning'inia. Nimeweka shokapu mpya mezani ikiwa imejinyoosha hadi mwisho, nikapima nafasi kati ya sahani ya chini na ya juu, kisha nikalinganisha na urefu wa springi ikiwa huru. Mbele, kwenye mfuo wa juu, springi ni ndefu kuliko nafasi yake kwa milimita 48. Kwenye mfuo wa chini inabaki 28. Nyuma ni 34, na kwenye mfuo wa chini 14. Kwa hiyo hata ngazi ya mwisho springi haitalegea. Ingekuwa sifuri au chini yake ningesimamisha mradi hapo hapo, kwa kuwa springi inayoachana na sahani yake hugonga, hujizungusha, na inaweza kurudi ikiwa imekaa vibaya.

La pili ni uwiano kati ya gurudumu na shokapu. Shokapu imefungwa katikati ya mkono, haiko kwenye ncha, kwa hiyo gurudumu linasafiri zaidi yake. Nimefunga shokapu bila springi, nikainua gurudumu kwa jeki milimita 50 kamili. Shokapu ya mbele imefupika milimita 35, ya nyuma 38. Mbele uwiano ni 0.70, nyuma 0.76. Maana yake sahani ikishuka milimita 20, mbele ya gari inashuka karibu 29 na nyuma karibu 26. Watu wengi husahau hesabu hii, wakadhani milimita 20 za mfuo ni milimita 20 za madigadi.

La tatu ni nafasi ya kubonyea. Ndani, kwenye rodi ya shokapu, kuna mpira wa kikomo. Ni kama sponji ngumu, na kazi yake ni kupokea mwili wa shokapu kabla chuma hakijagonga chuma. Nimekadiria, gari likiwa limesimama na mimi ndani, umbali kati ya mwili wa shokapu na ncha ya mpira. Mbele kwa kimo cha kiwandani ni milimita 30. Mfuo wa kati unaacha 20. Mfuo wa chini unaacha 10. Nyuma ni 40, 30 na 20.

Milimita kumi mbele. Kwenye gurudumu hiyo ni 14 tu kabla mpira haujaguswa. Nimekaa kwenye kigoda nikaitazama namba hii kwa muda mrefu. Gari hili hata likiwa jipya halikuwa na safari ndefu ya kubonyea, na mpira wa kikomo umepangwa kufanya kazi mapema. Si ajali ukiguswa, ni sehemu ya mfumo. Ila kuna tofauti kati ya kuguswa kwenye shimo na kuegemewa wakati wote.

Wapo wanaokata mpira ili wapate nafasi. Nimepima hilo pia. Bila springi na bila mpira, nimebonyeza shokapu ya mbele hadi ilipogota ndani kwa ndani. Kutoka kimo cha kiwandani iligota baada ya milimita 66. Mpira wenyewe una urefu wa 50 na unaanza kuguswa kwenye 30, kwa hiyo ni lazima ubaki angalau milimita 14 umebanwa ili shokapu isigonge vyuma vyake vya ndani. Ukiukata nusu, sponji inayobaki haina uwezo wa kusimamisha tani moja kwa upole, na shokapu italipia. Mpira wangu haukatwi.

Bado nimefunga saklipi kwenye mfuo wa chini. Nilijua namba, na bado nilitaka kuona gari likiwa pale.

Siku ya 4

Kila kitu kimerudi, magurudumu yamefungwa, gari chini. Nimelisukuma mbele na nyuma, nimebonyeza kona, nimeweka mchanga wangu kitini.

Mbele kushoto 333, kulia 327. Nyuma kushoto 340, kulia 331.

Hesabu ilisema mbele nitapata 323 na 317. Imekosekana milimita kumi, sawasawa pande zote mbili. Nyuma nako kumekosekana saba au nane. Nimerudia kupima mara tatu. Nimeingia chini kuangalia kama saklipi imekaa kwenye mfuo sahihi, na imekaa. Nimelala bila jibu.

Siku ya 5

Nimempigia simu fundi aliyenifundisha kazi nikiwa kijana.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Haya, limeshuka?"

Nikamsomea namba. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Bolti za wishiboni ulizikaza gari likiwa juu ya stendi au likiwa chini?"

Juu ya stendi. Nilizikaza zote hewani, magurudumu yananing'inia.

Kwa anayesoma bila kujua: bushi za gari hili ni mpira ulioshikana na bomba la chuma la ndani. Ukikaza bolti, bomba la ndani linabanwa na halizunguki tena. Anayezunguka ni mpira, kwa kujipinda. Ukikaza gurudumu likiwa linaning'inia, mpira unaona pale ndipo nyumbani. Gari likishushwa, kila bushi inajipinda na kusukuma gari juu, kama springi ya ziada isiyoombwa na mtu. Na ikikaa imejipinda hivyo kila siku, inachanika mapema.

Nimepandisha magurudumu yote manne juu ya vipande vya mbao nene ili niweze kuingia chini gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Nimelegeza bolti za wishiboni za juu na zile za chini za shokapu. Bolti za chini za wishiboni zina kemu za kurekebishia pembe za magurudumu, kwa hiyo nimezichora alama kwanza kisha nikazilegeza kidogo bila kuzizungusha. Ya mbele kulia ilipoachia nililisikia gari likishuka. Nimebonyeza kila kona, nimelisukuma, nimerudisha, ndipo nikakaza zote kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba za kitabu cha gari.

Mbele 323 na 317. Nyuma 332 na 324. Hesabu na rula zimekubaliana hadi milimita.

Nimesimama mbali nikaliangalia. Ni gari zuri sana likiwa hapo. Ukingo wa madigadi na bega la tairi vimekaribiana, na mstari wa ubavu umelala sambamba na barabara. Naliandika hili kwa sababu yanayofuata yasije yakasomwa kama vile sikulipenda.

Siku ya 6 hadi ya 9

Nimefunga kitai cha plastiki, kile cha kufungia nyaya, kwenye rodi ya kila shokapu, kikikalia mwili wa shokapu. Shokapu ikibonyea, mwili unakisukuma kitai juu ya rodi, na ikirudi kitai kinabaki pale kilipofikishwa. Ukisimama unapima umbali wake na unajua gurudumu lilipanda kiasi gani. Ni kipimo rahisi kuliko vyote na hakisemi uongo, ila kina mpaka wake. Kikishafika kwenye mpira wa kikomo kinarudishwa nao hadi ncha yake. Kinakuambia kimegusa, hakikuambii mpira ulibanwa kiasi gani.

Mbele, vitai vyote viwili vimegusa kabla sijafika kilomita mbili. Barabara ilikuwa ya lami, nzuri, bila tuta.

Ndani ya gari unalisikia hivi: mashimo madogo yanapita vizuri kabisa, vizuri kuliko zamani, kwa sababu shokapu ni mpya na springi ni zilezile laini. Kisha linakuja wimbi la barabara, pua inazama, na katikati ya kuzama inakutana na kitu. Hakuna mlio. Ni mkazo tu unaokuja ghafla, halafu pua inarushwa juu.

Kwenye kona ni pabaya zaidi, na hapa nimelazimika kufikiri. Nilitegemea gari lililoshuka lilale kidogo kwenye kona. Halikulala kidogo. Springi ni zilezile, stabilaiza ni ileile. Kitovu cha uzito kimeshuka, ndiyo, lakini wishiboni za chini nazo zimebadilika pembe, na kile kitovu cha kimawazo ambacho gari linalalia kimeshuka zaidi ya kitovu cha uzito. Umbali kati ya viwili hivyo ndio mkono unaolilaza gari, nao umeongezeka. Faida ya upande mmoja imeliwa na upande wa pili.

Kwa hiyo kwenye kona ndefu ya kulia, tairi la mbele kushoto linabebeshwa, shokapu inabonyea milimita kumi zake, inaegemea mpira, na kona hiyo moja ya gari inakuwa ngumu mara kadhaa ndani ya sekunde. Tairi lililokuwa linashika linazidiwa. Pua inakwenda nje. Nimeirudia kona hiyohiyo kwa mwendo uleule mara nyingi, na kila mara pua inaanza kukimbia palepale, kwenye kimwinuko kidogo cha lami ambacho zamani sikujua hata kama kipo.

MX-5 inapendwa kwa sababu ya pua yake. Inaelekea unakoitazamia. Hili lililo mbele yangu sasa si gari lile.

Nikampandisha rafiki yangu kwenye kiti cha kushoto. Nyuma kushoto pakashuka milimita 17 kwenye gurudumu, sawa na 13 kwenye shokapu. Zile 20 za nyuma zikabaki saba.

Siku ya 10

Nimevua shokapu zote nne tena. Saklipi zimehamia mfuo wa kati.

Nilifikiria kuacha nyuma chini na kupandisha mbele peke yake. Nimeliacha wazo hilo, kwani lingelaza gari kinyumenyume, matako chini na pua juu. Nimefikiria pia vikombe vinavyokaa juu ya shokapu za MX-5 ya kizazi cha pili, ambavyo watu wa gari hili huvifunga ili kupata nafasi zaidi ya kubonyea. Wazo hilo nimelihifadhi. Nataka kwanza nijue mfuo wa kati unafanya nini peke yake, kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Safari hii kazi nzima imechukua nusu siku. Bolti zilizopakwa grisi zimetoka kwa mkono. Bolti za bushi nimezikaza gari likiwa juu ya mbao, kwa uzito wake.

Mbele 339 na 332. Nyuma 345 na 337. Hesabu ilitabiri 338, 332, 345, 337.

Siku ya 12

Shokapu hizi zina kitufe cha juu cha kurekebisha nguvu ya kurudi, yaani jinsi zinavyozuia springi kujinyoosha baada ya kubonyea. Nilikuwa nimezikaza karibu na mwisho tangu siku ya kwanza, kwa imani kwamba ngumu ni bora.

Leo nimepita kwenye kipande cha barabara chenye mikunjo midogo inayofuatana. Gari lilianza vizuri, na kadiri nilivyoendelea likawa gumu zaidi na zaidi, hadi mwisho wa kipande likawa linatetemesha usukani. Nimesimama, nimeangalia vitai. Vimegusa mpira, mbele na nyuma. Mikunjo yenyewe haizidi unene wa kidole.

Sababu ni hii. Gurudumu likigonga mkunjo, shokapu inabonyea haraka. Ikiwa kurudi kumekazwa mno, haipati muda wa kujinyoosha kabla mkunjo wa pili haujafika, basi wa pili unaianzia palipo chini zaidi, wa tatu chini zaidi tena. Gari linajivuta lenyewe chini, mkunjo kwa mkunjo, hadi linakalia mpira. Nafasi niliyoirudisha kwa kazi ya nusu siku nilikuwa naitupa kwa kitufe.

Nimelegeza hadi nusu mzunguko kutoka laini kabisa, mbele na nyuma sawa. Kipande kilekile, mwendo uleule: vitai vimesimama kwenye milimita 13 mbele na 15 nyuma. Gari linaogelea kidogo kwenye mawimbi makubwa. Nimeongeza mbele robo mzunguko, kuogelea kumekoma, kitai kimesogea hadi 14. Hapo nimeacha.

Siku ya 14

Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu. Nimesubiri hadi leo ili springi na bushi zikae.

Gari likishuka, wishiboni zinalaza matairi kwa ndani juu. Kemba ya mbele, yaani huo mlalo, imeongezeka hadi nyuzi 1.1 hasi kushoto na 0.8 kulia, na too, yaani mwelekeo wa matairi ukiyatazama kutoka juu, imefunguka nje, ndiyo maana usukani ulikuwa unatangatanga. Kemu zote zimezunguka isipokuwa moja, ya nyuma kushoto, iliyoshikana na bushi yake kwa kutu. Fundi wa mashine alitaka tuiache vilevile na kurekebisha upande wa pili uifuate. Nilikataa, nikaomba nafasi, nikaipasha joto na kuipulizia mafuta kwa zamu hadi ikasogea. Imechukua saa moja na nusu na nashukuru alinivumilia.

Tumemalizia mbele nyuzi 1.0 hasi pande zote, too karibu sifuri ikiwa imefungwa kidogo sana ndani. Nyuma nyuzi 1.3 hasi, too imefungwa zaidi kidogo kuliko mbele ili matako yatulie kwenye kushika breki. Mchanga wangu ulikuwa kitini muda wote.

Taa nimezirekebisha jioni hiyohiyo mbele ya ukuta. Kuna jambo la kukumbuka: jeki yangu ya zamani haiingii tena chini ya pua bila kwanza kupandisha gurudumu juu ya ubao.

Wiki ya 5

Kilomita 900 tangu mfuo wa kati. Nimekagua kila bolti kwa spana ya toki, moja tu imezunguka kidogo, ile ya chini ya shokapu ya nyuma kulia, ambayo ilinisumbua siku ya pili. Nimeibadilisha pamoja na nati yake. Saklipi hazijasogea. Mpira wa kikomo wa mbele kushoto hauna alama mpya ya kusagika.

Vimo: 337, 331, 344, 336. Limetulia milimita moja au mbili, na sasa halishuki tena.

Ile kona ndefu ya kulia nimeipita leo asubuhi mara nne, mwendo uleule wa siku ya saba. Kimwinuko cha lami nimekisikia miguuni, pua haikuondoka. Nimesimama mbele kidogo, nikafungua boneti kuona kitufe kimebaki pale nilipokiacha, kisha nikalala chini nikapima kitai cha mbele kushoto: milimita 17. Kati yake na mpira zimebaki tatu.